Mioshi ya Gortnaleck

Katika parokia ya Kiltarra kijiji kilihesabiwa kwa moshi. Hukumuuliza mtu kwao kuna nyumba ngapi, ulimuuliza kuna mioshi mingapi. Nyumba inaweza kusimama na kuta zake zote na isiwe nyumba ya mtu, lakini moshi ukitoka asubuhi ulijua ndani kuna mwenyewe, ana chungu motoni, na ana la kusema kuhusu jirani yake.

Sabina Ruddy alipoolewa Gortnaleck, kijiji kilikuwa na mioshi kumi na mmoja. Yeye alikuwa msichana wa Drumroe, ng'ambo ya mto, na kwa mtu wa Kiltarra kuvuka mto ule kwenda kuolewa kulikuwa karibu sawa na kwenda nchi nyingine. Watu wa Drumroe walisemwa kuwa wabahili wenye sauti nzuri za kuimba. Wa Gortnaleck walisemwa kuwa wabishi, ila hodari wa kukata mboji kule bwawani, ile mboji inayoanikwa ikakauka na kuwa ndiyo kuni za watu wa huko. Siku ya harusi baba yake alimwonya asije akawaletea ubishi nyumbani siku akija kutembea. Alikuja nao mara ya kwanza kabisa.

Nyumba za Gortnaleck zilibanana mahali pamoja chini ya mlima, bila mstari wala mpango, mlango wa huyu ukitazama mgongo wa nyumba ya yule, kiasi kwamba mtu akikohoa kitandani nyumba ya tatu wanamtambua. Mashamba ndiyo yaliyotawanyika. Kila mwenye nyumba alikuwa na kipande cha udongo mzuri karibu na ziwa, kipande cha mawe kule juu, na kipande cha majimaji katikati, vyote vimechanganyika na vya wenzake, ili asiwepo wa kulima pazuri peke yake na mwingine akabaki na mawe. Kila baada ya miaka kadhaa waligawana upya. Kila mtu alitia kokoto yake kwenye kofia, na mtoto asiyejua kokoto ni ya nani alizitoa moja moja. Hapo tena waligombana hadi jioni. Festy, mume wa Sabina, alikuwa akisema ugomvi wa mipaka ndio uliowafanya wajuane, maana huwezi kugombana na mtu maisha yako yote usijue anapenda nini na anaogopa nini.

Kisha serikali ikainunua ardhi kutoka kwa bwana mkubwa aliyekuwa akiimiliki, ikaleta watu wenye minyororo ya kupimia na miti iliyopakwa rangi. Nia yao ilikuwa njema, na Sabina hakuwahi kusema vinginevyo. Kila familia ilipewa ukanda mmoja mrefu, kutoka mlimani hadi ziwani, ikaambiwa ijenge nyumba kwenye ukanda wake. Watu walishangilia. Hakuna aliyekuwa na sababu tena ya kugombana na jirani, na haukupita muda mrefu hakuna aliyekuwa na sababu ya kuonana naye. Wakina Moran walihamia chini, kando ya barabara mpya inayopita upande wa Drumroe. Wakina Devers walikwenda Scotland kuvuna viazi msimu mmoja, wakanogewa. Mabinti wa Kilbane walifuatana kwenda Amerika, wa kwanza akimtumia wa pili nauli, wa pili akimtumia wa tatu, mpaka wazazi wakabaki na paka. Ukanda wa Festy uliangukia pale pale nyumba yake iliposimama tangu babu yake. Hakuhamisha hata jiwe, na alijiona mwenye bahati kuliko wote.

Alikufa akiwa bado anajiona hivyo. Watoto wao wawili walikuwa Manchester, wanatuma picha za wajukuu waliovaa viatu vizuri. Akabaki Sabina, ng'ombe mmoja, kuku, na moshi mmoja.

Jambo moja tu liliifanya Gortnaleck iendelee kuwa kijiji, nalo lilikuwa Misa ya Zamu. Mara mbili kwa mwaka, majira ya kuchipua na majira ya kupukutika, Misa ilitoka kanisani ikaenda vijijini. Kila kijiji kilikuwa na zamu yake, na ndani ya kijiji kila nyumba ilingoja zamu yake, hata miaka mitano au sita. Padri alikuja asubuhi, akaketi kando ya meko kusikiliza maungamo ya mmoja mmoja huku wengine wakisubiri nje kwenye baridi, kisha akaadhimisha Misa juu ya meza ya kulia chakula. Baadaye wote walikunywa chai, na Padri alipewa yai.

Zamu yake ya kwanza Sabina alikuwa bibi harusi wa juzijuzi, na hofu ilimshika vibaya. Nyumba haikuwa na vikombe vya kutosha hata nusu ya kijiji. Usiku wa kuamkia siku yenyewe akasikia hodi, akaingia Nabla Moran, jirani wa mlango wa pili, mwanamke aliyekuwa hajamsemesha Sabina tangu harusi kwa sababu tu ya kule alikotoka. Mkononi alikuwa na kitambaa cheupe cha meza alichokuwa hajakitandika hata siku ya maziko ya mumewe. Alikiweka mezani akasema, "Wasije wakasema Gortnaleck hatuna kitambaa." Nyuma yake wakaja wengine: wakina Kilbane na vikombe vya ukingo wa buluu, wakina Ginty na vijiko, wakina Devers na siagi. Hadi kulipopambazuka nyumba ya Sabina ilikuwa na kitu cha kila nyumba, naye akawa ameanza kuwapenda watu wale, jambo ambalo halikuwa kwenye mipango yake.

Sasa basi. Mwaka ule tunaouzungumzia, Kiltarra ilikuwa imepata padri mpya, Padri Lavelle, kijana wa mjini mwenye miguu mirefu na moyo mzuri. Kwaresima ilipoingia alisoma altareni ratiba ya Misa za Zamu kama ilivyo desturi, kijiji baada ya kijiji kwa kufuata jua: Tawnagh, Kilbrack, Drumroe, Gortnaleck. Kiltarra ilikuwa na ramani, nadhani, katika ofisi fulani. Lakini ramani waliyoijua watu ilikuwa ile iliyosomwa kwa sauti, na kijiji kisichosomwa kilikuwa mahali pa kondoo. Sabina alipokuwa mdogo padri wa enzi hizo alikuwa akisoma pia Brackla. Siku moja akaacha kuisoma. Hivi leo vijana hawaijui Brackla ilikuwa wapi, na hata Sabina mwenyewe alipopita huko aliitambua kwa viwavi tu, yale majani yanayowasha, maana kiwavi huota palipokuwa na mlango wa mtu.

Wiki hiyo hiyo Padri Lavelle alipanda hadi kwake, akakubali chai, akasifu mkate. Kisha akamweleza, kwa upole kabisa, kwamba Zamu hii ya Gortnaleck ingekuwa ya mwisho. Mapadri walikuwa wachache na vijiji vilikuwa vingi. Kuanzia majira ya kupukutika, watu wa Gortnaleck wangeungana na Drumroe.

"Watu wa Gortnaleck," Sabina alisema. "Yaani mimi."

"Nyumba moja ni nyumba tu, Mama. Haiwezi kuwa kijiji. Zingekuwa hata mbili zinazotoa moshi, ningeliacha jina lilivyo, na Askofu asingeniuliza kitu."

Hakubishana naye, na anayemjua Sabina angeanza kuogopa hapo hapo.

Mdogo wake, Malaki Tiernan wa Drumroe, hakumpa nafasi ya kuhuzunika kwa utulivu. Alifika siku ya pili akisukuma baiskeli, anacheka tangu getini. Ndugu hawa walikuwa wametaniana juu ya vijiji vyao maisha yao yote, na Malaki hakuona sababu ya kuacha wakati anashinda.

"Dada, umetukimbia ukiwa msichana," alisema, "na sasa Kanisa lenyewe linakurudisha. Nikuandalie kiti mbele au nyuma?"

Sabina alimwambia kiti hicho amkalishe mama mkwe wake. Lakini Malaki alipoondoka aliketi mbele ya meko muda mrefu mikono ikiwa mapajani. Uchungu wake haukuwa wa kwenda Drumroe, kwao alikuwa akienda kila Jumapili. Uchungu ulikuwa kwamba watu walioingia mlango ule na vikombe vyao na vijiko vyao wangekuwa sasa hawakutoka popote. Wamekufa, sawa, na waliobaki wametawanyika, lakini altareni palikuwa bado na neno moja linalosema walikuwepo. Likitoka hilo, imekwisha.

Kwa hiyo alifanya alichokifanya.

Asubuhi ya Zamu aliamka kabla ya jogoo. Nyumba ilikuwa imepigwa chokaa nje na ndani, kitambaa cheupe kipo mezani, mishumaa miwili imesimama. Alichota makaa mekundu kwenye meko yake akayatia katika chungu cha chuma, akajaza kapu mboji kavu, akatoka. Padri angekuja kwa miguu kwa njia ya mgongo wa kilima, maana barabara ya gari haikufika, na pale juu mtu huiona Gortnaleck yote kwa mara moja. Mawazo ya Sabina yalikuwa mepesi: Padri aliomba mioshi miwili, atapewa mitano. Na uongo haupo, kwa kuwa yeye hatasema neno. Padri ana macho, atahesabu mwenyewe.

Nyumba tatu hazikuwa na paa tena, ila kuta za ubavuni zilikuwa zimesimama na meko zake na dohani zake: ya Ginty, ya Kilbane, ya Devers. Katika kila moja aliondoa majani na mavi ya kondoo, akapanga mboji, akaweka makaa, akapepea kwa aproni. Nyumba ya nne ilikuwa ya Moran, ya marehemu Nabla, nayo bado ilikuwa na paa lake la nyasi, kwa sababu mwanawe Colman aliyeishi kule barabarani alikuwa akifungia ndama wake humo. Sabina aliwatoa ndama kwanza. Hakuwa mjinga.

Ila kunguru hakuwakumbuka. Kuna kunguru wadogo huko, wenye shingo ya kijivu, ambao dohani ikipoa tu wanaiona ni yao. Huijaza vijiti, manyoya ya kondoo, makaratasi, chochote wanachokiokota, mpaka ikaziba kama chupa yenye kizibo, na mwezi wa nne ndio wanakuwa wametimiza kazi. Kila mtoto wa Kiltarra anajua kwamba huwashi moto kwenye meko iliyolala kabla ya kuchokoa dohani kwa mti mrefu. Sabina pia alikuwa akilijua hilo, zamani. Lakini meko yake haikuwahi kupoa tangu siku aliyoingia ndani ya nyumba ile, kila usiku aliyafukia makaa kwenye majivu na kila asubuhi akayafukua, na mwanamke ambaye moto wake haujawahi kuzimika hana haja ya kuwawaza kunguru.

Moshi haukupanda. Kwa Ginty ulirudi chini ukatokea kwenye mlango na madirisha kama unga unaomwagika. Kwa Kilbane kiota kilishika moto chenyewe, dohani ikaanza kunguruma na kutema cheche, na kunguru wote wa kijiji wakaruka angani kupiga kelele. Kwa Devers ukatoka moshi mweusi wa manyoya yanayoungua. Kwa Moran, vijiti vinavyowaka vikaanguka kutoka juu hadi kwenye majani makavu waliyolalia ndama, na karibu na dohani paa la nyasi likaanza kufuka. Sabina alisimama katikati na aproni yake asijue akimbilie wapi kwanza.

Ng'ambo ya mto, Drumroe ilikuwa ikivaa nguo za Misa. Mtu akachungulia dirishani akaona kijiji kilichokufa kinaungua chote kwa pamoja. Nasikia Malaki alitoka nje na soksi moja. Alikuwa akiita jina la dada yake kwa sauti ambayo hakuna aliyejua anayo, na nyuma yake wakafuata wanaume, wanawake na ndoo, wakavuka mto kwenye mawe ya kukanyagia, wengine wakayakosa mawe wakavuka hivyo hivyo. Aliyewapita wote alikuwa Colman Moran. Alikuwa mtu wa miaka hamsini, aliyeoa kazi yake kama watu walivyomtania, maana mke hakuoa, na ndama wale walikuwa mali yake yote.

Malaki alimkuta Sabina mzima, amejaa masizi hadi kwenye kope. Akamshika mabega, akamtikisa, akamuuliza kama ana wazimu, na kabla hajajibiwa akapanda juu ya paa la Moran na magunia yaliyoloweshwa. Waliliokoa. Lilibaki na tundu kubwa kama mlango wa tanuri, ila lilibaki. Zile nyumba tatu zisizo na paa hazikuwa na cha kuungua zaidi ya viota, wakaviacha viishe.

Colman alikuwa ameingia ndani ya nyumba na ndoo ya maji, na hakutoka. Sabina aliogopa amepaliwa na moshi, akaingia kumtafuta. Majani yaliyokuwa yakiwaka sakafuni yalikuwa yamekanyagwa yakazimika. Kiota kilikuwa kimeshaanguka chote, na dohani, baada ya kuzibuka, ilikuwa inavuta vizuri. Colman alikuwa amesimama mbele ya meko, ndoo imejaa mkononi. Mboji ilikuwa imeshika, moto umetulia, mwekundu, wa kupikia.

"Ndama wako wako nje, salama," Sabina alimwambia. "Nisamehe, Colman."

Aliitikia kwa kichwa kana kwamba amesikia. "Nakuja, Mama Sabina," alisema, lakini hakugeuka. Sabina akamwacha.

Padri Lavelle aliyaona yote kutoka mgongoni mwa kilima, akakimbia njia nzima na mkoba wa vitu vitakatifu ukimpiga kiunoni. Alipofika hakukuta moto, alikuta Drumroe nzima imejaa uani kwa Sabina, imelowa, nyeusi, haijala kitu kwa sababu ya Komunyo, na haijui iende wapi. Misa ilikuwa imetangazwa kwa saa ile, nyumba ilikuwa imeandaliwa. Watu wakatazamana. Basi wakapangusa miguu wakaingia, na walioshindwa kuenea jikoni wakajipanga nje hadi kwenye zizi. Nyumba ile haikuwa imebeba watu wengi hivyo tangu msiba wa Festy.

Maungamo yalianza na mwenye nyumba, kama desturi. Padri aliketi kando ya meko, kichwa ameinamisha, mkono amefunika uso. Sabina akapiga magoti. Wengine walikuwa nje wakijifanya wanatazama mlima.

"Nimejaribu kukudanganya, Padri," alinong'ona.

"Lini?"

"Asubuhi hii. Ila hukuwahi kudanganyika."

"Ni ule moto?"

"Ulisema miwili inatosha. Nikaona niongeze na ya akiba."

Padri alipatwa na kikohozi, kikachukua muda kupita. Alipomaliza akamuuliza kwa nini, na Sabina, aliyekuwa na hoja nzuri nne alizozifikiria Kwaresima yote, akasahau zote nne. Alisema tu kwamba aliwapenda, na hakutaka iwe kama hawakuwepo.

Padri aliuondoa mkono usoni. Kisha akampa malipizi: kwa kila meko aliyoiwasha, awaombee wote waliokuwa wakiota moto pale. "Kwa majina, Mama," alisema. "Usiwafunge fungu moja. Na ukamilishe kabla ya Misa. Nitasubiri."

Hakujua alichokiomba, masikini. Sabina alipiga magoti kwenye kona ya chumba akaanza na Ginty: mzee Ginty aliyelala na kofia, mkewe Winifred, watoto saba, na yule wa nane aliyeishi wiki moja. Kisha Kilbane na mabinti wote kwa mpangilio walivyosafiri, na kila mmoja alimwona tena njia panda, sanduku mkononi, anakataa kugeuka nyuma. Kisha Devers na babu yao kipofu aliyeujua mpaka wa kila kipande kwa unyayo, akiwekwa popote anakwambia yuko shamba la nani. Mwisho Nabla Moran na kitambaa chake, na hapo alichelewa kuliko kote. Alikumbuka vitu alivyodhani vimekwenda: harufu ya viazi vya wote vikichemka kwa wakati mmoja, jinsi wanawake walivyoitana kupitia kuta bila kutoka nje, mchezo wa watoto wa kuruka kutoka kizingiti hadi kizingiti bila kugusa ardhi, jambo lililowezekana kwa kuwa nyumba zilikuwa karibu hivyo. Watu wa Drumroe walisimama kwa miguu iliyolowa wakisikia majina yanatoka chumbani, na wazee miongoni mwao wakaanza kuitikia kwa midomo, kwa sababu waliwajua. Padri alisubiri kama alivyoahidi. Ilikuwa karibu saa sita Misa ilipoanza.

Baada ya baraka ya mwisho Padri alivua mavazi yake, akakunja stola, akageukia watu. Hapa ndipo hutajwa nyumba ya Zamu ijayo, na mwenyewe hujibu neno moja tu, karibuni.

"Zamu ya majira ya kupukutika," alisema, na ilionekana hapendi kuisema, "itakuwa Drumroe. Nyumba ya Malaki Tiernan."

Wote walimgeukia Malaki. Yeye alikuwa akitazama sakafu.

"Kwangu hapana, Padri," alisema.

Delia, mkewe, aliangusha kijiko. Misa ya Zamu haikataliwi. Kuna familia moja Kiltarra babu yao aliwahi kuikataa, na wajukuu mpaka leo wanapata shida kuazimwa hata jembe. Malaki aliyajua hayo kuliko wengi, kwa kuwa alikuwa wa kwanza kuisema familia ile.

Padri akamuuliza kuna nini. Malaki akajibu kwamba ni paa. Padri akasema paa lake lina vigae vipya, ameliona kwa macho yake.

"Basi ni sakafu," Malaki alisema. Kisha akainua kichwa, masikio yamemwiva. "Si zamu yetu, Padri. Gortnaleck haijamaliza yake. Siwezi kupokea kitu cha dada yangu naye bado amekishika."

"Malaki, mimi natamani iwe hivyo. Lakini kuna nyumba moja."

"Mbili," mtu akasema mlangoni.

Alikuwa Colman Moran. Muda wote wa Misa alikuwa amesimama nje ya kizingiti, na sasa watu walimpisha akaingia, uso mweusi wote isipokuwa mistari miwili chini ya macho, ambayo hakuna aliyeiulizia.

"Ile ya ndama?" Padri aliuliza.

"Ile ya mama yangu." Alikuwa mtu asiyezoea kusema mbele za watu, akawa anaongea na kofia yake. "Nilikwenda kuuzima ule moto, nikawa na ndoo mkononi kabisa. Sikuweza kuumwagia. Ni pale pale alipokuwa akiuweka. Nimeuongezea mboji nikafukia makaa kabla sijaja hapa." Aliigeuza kofia. "Kule barabarani naishi kwa kaka. Ni watu wazuri. Lakini nimekaa kwao miaka ishirini na sijawahi kuwasha moto wangu. Tundu la paa nitaliziba wiki hii, ndama nitawatafutia pa kulala. Mimi leo nalala Gortnaleck."

Padri alimwangalia Colman, kisha Sabina. Mwishowe akauliza kama ilivyo desturi, Zamu ijayo iko nyumba ya nani.

"Ya Moran, Gortnaleck," Colman akasema. "Karibuni."

Sabina alikuwa amesimama kando ya meza. Kwa wiki zote zile alikuwa amejiandaa kushindwa, na maneno ya kushindwa alikuwa nayo tayari, ya heshima, yasiyo na machozi. Ya kushinda hakuwa nayo hata moja. Alisema anakwenda kutazama yai la Padri, ingawa yai lilikuwa pale pale mezani mbele ya kila mtu, akaingia chumba cha ndani akafunga mlango. Kilio chake kilisikika mara moja, kikubwa, cha miaka mingi.

Jikoni kimya kilitaka kuingia, Malaki hakukiruhusu. Akamgeukia jirani yake akaanza kulalamika kwa sauti ya juu juu ya bei ya ndama. Jirani akamjibu kwa sauti ya juu zaidi kwamba hajui anachosema. Delia akaanzisha habari za mvua, mwingine za kondoo, Padri mwenyewe akauliza swali refu kuhusu mboji ambalo halikuwa na maana yoyote, na Colman, aliyekuwa hasemi, akalijibu kwa kirefu vilevile. Wakapigiana kelele hivyo, wabahili na wabishi, kila mmoja juu ya mwenzake, na hakuna aliyethubutu kunyamaza mpaka Sabina alipokuwa amelia akatosheka.